Maua yasiyonyauka: Jinsi mafundi wa Roma walivyounda waridi kwa vipande vya kioo

MTU akisimama hatua mbili kutoka ukutani huiona kama picha ya kawaida ya maua: waridi jekundu lililochanua, tulipu yenye michirizi, asumini mbili tatu na jani lililokunjamana pembeni, yote yakiwa yamepangwa ndani ya kikapu juu ya meza ya mawe. Hapo hakuna la kumshangaza, kwani wachoraji wa Ulaya wamechora vikapu vya aina hiyo kwa takriban miaka 400. Lakini akisogea karibu, hasa akiwa na lenzi mkononi, lile waridi huanza kumvunjikia machoni. Hakuna rangi iliyopakwa wala alama ya brashi. Kuna vipande vya kioo, maelfu kwa maelfu, vingi vikiwa vidogo kuliko kichwa cha pini, na kila kimoja kiliwekwa mahali pake kwa mkono wa mtu.

Hiyo ndiyo mozaiki ndogo ya Kiitaliano, sanaa iliyozaliwa Roma katika robo ya mwisho ya karne ya 18 na kufikia kilele chake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mafundi wake walitengeneza mambo mengi kwa vioo hivyo: magofu ya Roma ya kale, njiwa, mbwa, wachungaji na uwanja wa Vatican. Hata hivyo, ua ndilo lililokuwa mtihani wao mgumu kuliko yote. Gofu lina kona na mistari iliyonyooka, na kipande cha mraba hulifaa. Petali ya waridi haina kona hata moja, na rangi yake hubadilika kutoka ukingoni hadi ndani bila ya mtu kujua ni wapi nyekundu imekoma na waridi hafifu imeanzia. Anayetaka kujua sanaa hii ilivyopanda, na baadaye ilivyoporomoka, hana haja ya kutazama kitu kingine. Atazame maua.

Mozaiki yenyewe si jambo geni. Ni picha inayoundwa kwa kupanga vipande vya mawe, vigae au vioo vyenye rangi na kuvigandisha. Warumi wa kale waliitandaza sakafuni mwa majumba yao, na baadaye Wakristo wakaipandisha kwenye kuta na kuba za makanisa. Picha za namna hiyo zilikusudiwa kutazamwa kwa mbali. Wazo la kuipunguza hadi itoshee kwenye pete au kwenye kifuniko cha tabakelo, kile kijaluba cha kuwekea ugoro, lilikuja kwa njia ya mzunguko, na chanzo chake kilikuwa unyevu.

Unyevu wa kanisani

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro mjini Vatican lilijaa hewa yenye unyevu, na unyevu huo ulikuwa ukiziharibu picha za rangi ya mafuta zilizotundikwa juu ya altare. Turubai zililegea na kuota ukungu. Wakuu wa Kanisa wakaamua kwamba picha hizo ziondolewe moja baada ya nyingine, na mahali pake pawekwe nakala za mozaiki ambazo hazingeoza. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 mafundi walikuwa wameanza kuitwa kutoka Venice, mji uliosifika kwa mozaiki na kwa kioo, na mwaka 1727 karakana ya mozaiki ya Vatican ikaundwa rasmi. Mojawapo ya kazi zake kubwa ni nakala ya picha ya Raphael ya Kugeuka Sura kwa Yesu, iliyokamilika mwaka 1767. Mahujaji wengi hupita mbele yake hadi leo wakidhani wanaona rangi ya mafuta.

Kunakili picha ya mafuta kwa kioo kulizua tatizo ambalo mafundi wa kale hawakuwa nalo. Kioo cha mozaiki za zamani kiling'aa, na mng'ao ulifaa sana kwa anga la dhahabu juu ya kuba, ila haukufaa kwa shavu la mtu au kunjo la nguo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, fundi wa kioo aitwaye Alessio Mattioli alifaulu kutengeneza mjini Roma kioo kisichopenyeza nuru wala kumetameta ovyo, chenye rangi za kila namna. Waitaliano hukiita kioo cha mozaiki smalti. Hazina ya smalti iliyorundikana katika kabati za Vatican tangu wakati huo imepita rangi 20,000, kila kivuli kikiwa na droo yake.

Halafu ikaja shida ya kawaida ya kila mradi mkubwa: kazi ikakaribia kwisha. Kufikia miaka ya 1770 altare nyingi zilikuwa zimekwisha kupata mozaiki zao, na mafundi waliofunzwa kwa miaka mingi wakabaki na ujuzi mwingi lakini kazi chache. Nje ya malango ya Vatican, wakati huohuo, mji ulijaa wageni matajiri. Vijana wa kikabaila kutoka Uingereza, Ujerumani na Urusi walikuja Roma kama sehemu ya masomo yao, kuona magofu na kujifunza ustaarabu wa kale, na kila mmoja alitaka kurudi kwao na kitu. Mozaiki ya ukutani haingii sandukuni.

Uzi wa kioo

Aliyetangulia kuonyesha hadharani jawabu la tatizo hilo ni Giacomo Raffaelli, fundi aliyezaliwa mwaka 1753 katika ukoo uliofanya kazi ya smalti. Mwaka 1775 alionyesha mozaiki zake ndogo katika karakana yake mjini Roma. Cesare Aguatti naye hutajwa miongoni mwa waanzilishi, na huenda si haki kumpa mtu mmoja sifa yote.

Siri ilikuwa katika namna ya kupata kipande. Fundi wa mozaiki kubwa huvunja bamba la kioo kwa nyundo, lakini nyundo haiwezi kutoa kipande cha nusu milimita. Mafundi wa Roma waliyeyusha smalti kwenye ndimi za moto hadi ikalainika kama ulimbo, kisha wakaivuta kwa koleo mpaka ikawa uzi mrefu mwembamba. Ulipopoa, uzi uliwekewa alama na kukatwakatwa vipande vifupi. Kila kipande kilisimamishwa wima kama mche kitaluni, na kinachoonekana juu ya picha ni ncha yake tu.

Kwa mwenyeji wa Afrika Mashariki mbinu hiyo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mafundi wa kisiwa cha Murano, palepale Venice, walitumia kanuni hiyohiyo ya kuvuta kioo cha moto na kukikatakata kutengenezea shanga, tofauti kubwa ikiwa kwamba wao walianza kwa kutia pumzi katikati ili uzi utoke na tundu. Katika karne ya 19 shanga za Venice zilishuka Zanzibar kwa shehena, zikabebwa na misafara hadi bara, na mfanyabiashara aliyekosea rangi inayopendwa katika nchi fulani alirudi na mzigo wake. Zile nyekundu zilizoitwa samesame zilitoka huko. Mwanamke wa bara aliyevaa mkufu wa shanga na mwanamke wa London aliyevaa bizimu ya mozaiki kifuani, wote wawili walivaa kioo cha Italia kilichovutwa kikiwa moto.

Vipande vilipokuwa tayari, fundi alichukua bamba la shaba lenye kingo au jiwe lililochimbwa kina kidogo, akalijaza lipu na kuchora picha yake juu yake. Kisha aliikwangua lipu hiyo sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo, na mahali pake akatia rojo zito la unga wa jiwe, chokaa na mafuta ya kitani. Rojo hilo lilikuwa na sifa moja ya thamani kubwa: halikukauka upesi. Lilimpa fundi siku kadhaa za kuchomeka vipande kwa kibano, kuvitazama, kung'oa kisichomridhisha na kurudia. Picha ilipogandamana, mianya ilizibwa kwa nta iliyotiwa rangi inayolandana na kioo cha jirani, kisha uso wote ukasuguliwa hadi ukawa laini.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini katika karakana hizi kibaba chenyewe kilikuwa kidogo mno. Kazi ya kiwango cha kawaida ilichukua vipande takriban 1,400 katika mraba wenye ubavu wa sentimita mbili na nusu. Kazi bora ilifikisha 3,000, na chache zilikaribia 5,000. Sarafu ya Kenya ya shilingi 20 ingetosha kufunika vipande zaidi ya 2,000 vya kazi hiyo bora.

Mwanzoni mafundi walitaka kuiga mozaiki za kale. Mwaka 1737, katika magofu ya jumba la Kaizari Hadrian huko Tivoli, ilikuwa imefukuliwa mozaiki ya njiwa wanne walioketi ukingoni mwa bakuli la maji. Wasomi waliihusisha mara moja na kazi ya Sosus wa Pergamo ambayo mwandishi wa kale Plinio alikuwa ameisifu. Nakala zake zilitengenezwa kwa wingi, ikiwamo ya Raffaelli ya mwaka 1779 iliyoko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Makumbusho ya Vatican nayo yana mozaiki ya Kirumi ya kikapu cha maua, ushahidi kwamba hata wazo la kutengeneza ua kwa vipande halikuwa jipya. Katika kazi hizo za awali vipande ni vya mraba na vimepangwa kwa mistari, na maua yake yana ukakamavu fulani, kana kwamba yamefumwa kama mkeka. Yapo yanayopendeza kwa sababu hiyohiyo.

Lakini wanunuzi walikuwa na kielelezo kingine akilini. Roma ilikuwa imemtoa Mario Nuzzi, mchoraji wa karne ya 17 aliyechora maua kwa wingi na kwa ustadi hata akaitwa Mario de' Fiori, yaani Mario wa Maua, na nyumba za matajiri kote Ulaya zilikuwa na picha za vikapu na vyungu vya maua, zile zinazohesabiwa miongoni mwa picha za vitu tuli. Aliyezoea petali za Nuzzi asingeridhika na petali za mraba.

Ufumbuzi huhusishwa na Antonio Aguatti, fundi wa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwanza, uzi wa kioo uliacha kuwa wa mraba peke yake. Ukiwa bado wa moto ulibanwa ukapata umbo la mwezi mchanga, la tone la maji au la jani, ili kila kipande kifuate mkunjo wa kitu kinachochorwa. Pili, na hili ndilo lililobadilisha kila kitu, smalti za rangi mbalimbali ziliunganishwa motoni bila kuchanganywa kabisa, kisha zikavutwa kwa pamoja. Waitaliano waliuita uzi huo malmischiati, maana yake iliyochanganywa vibaya. Jina ni la dhihaka, kwani uchanganyaji wenyewe ulikuwa wa makusudi matupu. Ncha ya uzi mmoja sasa ilibeba rangi tatu au nne zilizoingiana: nyeupe inayoelekea kuwa waridi, waridi inayoelekea kuwa nyekundu ya damu.

Ni kana kwamba fundi alipewa petali zilizokwisha kuchanua. Kipande kimoja kilichopinda kilitosha kuonyesha ukingo wa petali, kivuli chake na mwanga ulioiangukia. Manyoya ya ndege na singa za mbwa zilinufaika pia, ila manufaa makubwa yalikuwa kwenye maua. Tangu hapo kwenye meza za duara, visanduku na bizimu zikaonekana mashada ambayo matone ya umande yanaelekea kuteleza juu ya majani. Kwenye usuli wa rangi nyeusi maua hayo hujitokeza mno hata mtazamaji akashawishika kunyoosha mkono.

Ustadi huo una upande wake wa pili. Fundi aliyefaulu kabisa ni yule ambaye mtazamaji hatambui kwamba alitumia kioo, na mtu anaweza kuuliza ni kwa nini mateso yote hayo yavumiliwe ili kupata kile ambacho brashi ingekitoa kwa wiki moja. Jawabu la wakati ule lilikuwa kwamba brashi haidumu. Jawabu la leo huenda likawa tofauti: kazi zinazovutia zaidi ni zile zinazosimama katikati, ambapo ua ni ua kamili lakini jicho bado linahisi mpangilio wa vipande unavyokwenda na ukuaji wa petali, kutoka kwenye kitovu kwenda nje.

Watawala na abiria wa treni

Sifa za mafundi hao zilivuka mipaka. Utawala wa Napoleon ulimwagiza Raffaelli atengeneze mjini Milan nakala ya mozaiki ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci kwa ukubwa wa picha yenyewe. Kazi ilipokwisha Napoleon alikuwa ameanguka, nayo mozaiki ikaishia Vienna, katika kanisa liitwalo Minoritenkirche. Michelangelo Barberi, aliyezaliwa mwaka 1787 na kufariki mwaka 1867, alitengeneza meza zilizonunuliwa na familia ya kifalme ya Urusi, na baadhi ya kazi zake zimo katika makumbusho ya Hermitage mjini St Petersburg. Warusi hawakutosheka na kununua. Walituma vijana wao Roma wafunzwe na Barberi, na ujuzi huo ukatumika baadaye katika mozaiki za Kanisa Kuu la Mtakatifu Isaka huko kwao.

Majina kama hayo ni machache. Sehemu kubwa ya mozaiki ndogo haina sahihi ya mtu. Ziliundwa katika vyumba vya karakana zilizotapakaa katika mitaa inayouzunguka uwanja wa Piazza di Spagna, mgeni akazinunua, sonara wa London au Paris akazitia dhahabu, na sonara huyo ndiye aliyegonga alama yake. Wataalamu wanapotaja mtengenezaji wa kikapu fulani cha maua, mara nyingi wanakisia kwa kulinganisha mtindo. Wengi wa waliochomeka petali hizo hawajulikani, wala hawatajulikana.

Baada ya mwaka 1815, vita vya Napoleon vilipokwisha, wageni walirudi Roma kwa wingi. Reli zilipoenea na mawakala wa utalii kama Thomas Cook wakaanza kuleta makundi ya watu wa kipato cha wastani katika miaka ya 1860, mnunuzi akabadilika. Hakuwa tena kabaila mwenye miezi sita ya kukaa mjini na fedha za kusubiri meza ikamilike. Alikuwa karani au mwalimu mwenye siku chache, akitaka ukumbusho wa bei nafuu kabla ya treni kuondoka. Mwaka 1870 Roma ilitwaliwa na kuunganishwa na taifa jipya la Italia, na utawala wa Papa juu ya mji, uliokuwa mlezi mkuu wa ufundi huu, ukakoma.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Roma ya wakati huo kibaya nacho kilijiuza, tena kwa haraka zaidi. Vipande vikawa vikubwa, vivuli vikapungua, na petali iliyokuwa ikihitaji vipande 30 ikaundwa kwa vitano. Kufikia karne ya 20, bizimu zenye maua ya mozaiki zilitengenezwa pia Venice na Florence kwa maelfu, zikawa na fremu za shaba nyeupe au ya njano na maneno yanayotaja Italia mgongoni. Si haki kuwatupia mafundi lawama yote. Walikuwa na watoto wa kulisha, na hakuna mteja aliyewalipa kwa vipande 3,000 ikiwa 100 vilimtosheleza.

Aliyeirudishia sanaa hii heshima hakuwa msomi wa sanaa. Arthur Gilbert, mzaliwa wa London mwaka 1913, alitajirika pamoja na mkewe Rosalinde kwa biashara ya mavazi, kisha akahamia California mwaka 1949 na kuingilia biashara ya majengo. Inasimuliwa kwamba alipoiona mozaiki ndogo kwa mara ya kwanza aliidhania picha ya mafuta iliyopasukapasuka rangi. Alipogundua ni kioo, alianza kuzitafuta moja baada ya nyingine, wakati ambapo makumbusho mengi hayakuzijali. Jina linalotumiwa sasa na wataalamu kote duniani, mozaiki ndogo, alilibuni yeye. Mwaka 1996 aliutoa mkusanyo wake kwa taifa la Uingereza. Ulionyeshwa katika jengo la Somerset House tangu mwaka 2000, na mwaka 2009 ukafunguliwa upya katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London.

Kutambua na kutunza

Anayekutana na pambo la aina hii, iwe mnadani au katika sanduku la urithi, aanze kwa lenzi. Katika kazi ya zamani iliyo bora hataona vipande vya ukubwa mmoja. Ataona vilivyopinda, vyembamba na vyenye rangi zaidi ya moja, hasa kwenye petali na majani. Kazi ya baadaye huwa na vipande vya mraba au vya duara vinavyolingana, na mianya kati yake huonekana bila lenzi. Asiichanganye na kazi ya Florence, mji ambao tangu mwaka 1588 umekuwa na karakana mashuhuri ya mawe iliyoanzishwa na ukoo wa Medici. Huko jani zima huweza kuwa kipande kimoja cha jiwe la rangi ya asili, kilichokatwa kikaingia jirani na mwenzake bila mwanya. Hiyo ni sanaa nyingine, na ina uzuri wake.

Achunguze pia kama kuna mahali ambapo mwangaza unaangukia tofauti. Kioo kilichodondoka mara nyingi kilizibwa kwa nta au rangi iliyopakwa, na rangi hiyo hufifia ilhali kioo cha jirani hakibadiliki. Ufa unaokatiza katikati ya picha humaanisha kwamba jiwe la chini liliwahi kuanguka.

La mwisho ni usafi, na hapa ndipo mozaiki nyingi zilipoangamia mikononi mwa watu waliozipenda. Kioo hakiogopi maji, na ndiyo sababu wengi huitumbukiza bizimu katika maji moto yenye sabuni pamoja na mikufu yao mingine, au huipeleka kwa sonara aitie katika mashine ya kusafishia kwa mitetemo. Kilichoishikilia picha si kioo. Ni nta na rojo la chokaa na mafuta. Nta huyeyuka kwanza, maji hupenya chini, rojo hulegea, na siku mojawapo mwenye pambo hukuta petali ya waridi chini ya kitambaa, ikiwa na rangi yake ileile.